Maisha ya J. J. Thomson, Mvumbuzi wa Elektroni

Nimeombwa na mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani. Nimemchagua Joseph John Thomson, mtaalamu wa fizikia wa Uingereza, aliyeishi toka mwaka 1856 hata mwaka 1940. Wanafunzi wake walizoea kumwita kwa herufi mbili za mwanzo wa majina yake, J. J., nami nitamwita hivyo mara nyingi katika habari hii.

Sababu ya kumchagua ni hii. Kazi yangu ni kufundisha sayansi, na kila mwaka tufikapo katika somo la atomu wanafunzi huniuliza swali moja. Huuliza kwa nini twawafundisha mfano wa atomu aliotoa Thomson, wauchore na kuukariri, hali ukurasa wa pili wa kitabu wasema kwamba mfano huo haukuwa kweli. Je, huko si kupoteza wakati? Swali hili si la uvivu. Nimelifikiri sana, nami naona jibu lake halimo katika kitabu cha mtihani, bali limo katika maisha ya mtu mwenyewe.

J. J. alizaliwa tarehe 18 Desemba, 1856, mahali paitwapo Cheetham Hill, kandokando ya Manchester, kaskazini ya Uingereza. Siku zile Manchester ulikuwa mji wa pamba na moshi, na viwanda vyake vilisokota nyuzi na kufuma nguo usiku na mchana. Baba yake alikuwa muuza vitabu, mtu wa hali ya katikati, si tajiri wala si maskini. Mtoto alikuwa mpole, mwenye haya, apendaye kusoma na kuangalia mimea, na kupenda mimea huku hakukumwacha hata uzeeni.

Baba yake aliazimia mwanawe awe injinia. Zamani zile njia ya uinjinia ilikuwa kuwa mwanagenzi kiwandani, na mzazi hulipa ada kubwa ili mwanawe apokewe. Nafasi waliyoitaka ilikuwa katika kiwanda cha kutengeneza injini za magari ya moshi, lakini ilibidi kungoja zamu. Ili kijana asikae bure, mwaka 1870 akapelekwa kusoma Owens College, chuo kilichokuwa palepale Manchester. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne hivi. Tukumbuke jina la chuo hiki, maana tutalikuta tena mbele.

Mwaka 1873 baba yake akafariki dunia. Mama alibaki na wana wawili, J. J. na mdogo wake, na fedha za kulipia uanagenzi hazikuwapo tena. Nadhani kati ya wasomaji wangu wako wengi wasiohitaji kuelezwa maana ya jambo hili: msiba umeingia nyumbani, na pamoja na msiba mlango wa riziki aliokuwa akiutazamia mtoto umefungwa kwa sababu ya ada. Kama baba angaliishi, yamkini J. J. angalikuwa injinia wa magari ya moshi, na jina lake lingalisahauliwa pamoja na injini zake.

Lakini kulikuwa na njia nyingine. Vyuo vilitoa msaada wa fedha kwa vijana waliofaulu sana katika mitihani, naye alikuwa hodari wa hesabu. Mwalimu wake wa hesabu, Thomas Barker, alimshauri ajaribu mtihani wa kuingia Trinity College katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mara ya kwanza hakupata nafasi. Akarudi vitabuni, akajaribu tena, na mwaka 1876 akapata. Akaenda Cambridge akiwa na miaka 19, wala hakuhama tena mji ule mpaka kufa kwake.

Mwaka 1880 alifanya mtihani mkuu wa hesabu, ambao siku zile majina ya washindi wake yalijulikana nchi nzima kama yajulikanavyo leo majina ya wachezaji wa mpira. Akawa wa pili. Wa kwanza alikuwa Joseph Larmor kutoka Ireland, ambaye naye alikuja kuwa bingwa wa fizikia.

Katika Cambridge palikuwa na nyumba ya majaribio ya fizikia iitwayo Cavendish. Mwishoni mwa mwaka 1884 mkuu wake, Lord Rayleigh, aliacha kazi, na ikatakiwa achaguliwe profesa mwingine. Walioomba walikuwamo watu wazima wenye sifa. Akachaguliwa J. J., aliyetimiza miaka 28 mwezi uleule. Wengi walistaajabu, na yeye mwenyewe alistaajabu. Alijulikana kuwa mtu wa hesabu, wala hakuwa amefanya majaribio mengi ya vyombo.

Tena palikuwa na jambo la kuchekesha. Profesa huyu wa majaribio alikuwa na mikono mizito. Alikuwa mtu wa kuangusha na kuvunja, hata wasaidizi wake hawakupenda aviguse vyombo vya kioo walivyokuwa wamevitengeneza kwa taabu. Walakini macho ya akili yake yalikuwa makali. Chombo kilipokataa kufanya kazi, yeye alikitazama, akafikiri, kisha akaeleza kasoro iko wapi, na mara nyingi ilikuwa papo hapo alipopasema. Kwa kazi ya mikono alimtegemea fundi wake, Ebenezer Everett, aliyekuwa stadi wa kupuliza kioo. Chupa na mirija ya kioo iliyomletea J. J. sifa ilitoka katika pumzi na mikono ya Everett. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sayansi nayo ni hivyo hivyo.

Mwaka 1890 J. J. alimwoa Rose Paget, binti wa profesa wa utabibu, ambaye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kufanya majaribio katika Cavendish. Walizaa mtoto wa kiume, George, na wa kike, Joan.

Sasa nitaeleza kazi iliyomfanya ajulikane. Chukua mrija wa kioo uliozibwa pande zote, uwe na vipande viwili vya madini ndani, kisha uvute hewa itoke karibu yote. Ukipitisha umeme wenye nguvu, hutokea miali katika kile kipande cha madini kilichoungwa na upande hasi wa umeme, upande unaoitwa kathodi. Miali hii yenyewe haionekani, lakini ikipiga ukuta wa kioo, kioo hung'aa kwa rangi ya kijani. Wataalamu waliiita miali ya kathodi, na kwa miaka mingi walibishana ni kitu gani. Wataalamu wengi wa Ujerumani walisema ni mawimbi, jamaa ya nuru. Wengi wa Uingereza walisema ni chembe ndogo zenye umeme, zinazorushwa kama changarawe.

Kila upande ulikuwa na hoja. Ikiwa ni chembe zenye umeme, basi sumaku itaipinda miali, na kweli sumaku iliipinda. Lakini vilevile sharti ivutwe na bamba lenye umeme chanya na kusukumwa na bamba lenye umeme hasi. Mjerumani mashuhuri, Heinrich Hertz, alijaribu jambo hili mwaka 1883, na miali ikapita katikati ya mabamba yake bila kupinda hata kidogo. Hapo wenye kusema ni mawimbi walifurahi.

J. J. aliporudia jaribio hilo naye mwanzoni hakuona kitu. Lakini hakuridhika, bali alitafuta sababu. Akaona kwamba hewa kidogo iliyosalia ndani ya mrija ndiyo inayoleta hila. Miali ikipita katika hewa ile huifanya ipitishe umeme. Vipande vya hewa vyenye umeme hukimbilia mabamba, huyazunguka, na huizuia nguvu yake isiifikie miali. Dawa yake ni kuitoa hewa ile zaidi. Ilikuwa kazi ngumu kwa pampu za siku zile, lakini Everett na wenziwe walivuta hewa mpaka ikawa haba kabisa. Ndipo miali ikapinda kuelekea bamba la umeme chanya, kama ipasavyo chembe zenye umeme hasi. Alichokosa Hertz hakikuwa akili. Alikosa mrija mtupu wa kutosha.

J. J. hakuishia hapo. Kwa kulinganisha jinsi sumaku inavyoipinda miali na jinsi umeme unavyoipinda, alipata mwendo wake, nao ulikuwa kama sehemu moja ya kumi ya mwendo wa nuru. Kisha alipata jambo kubwa zaidi, yaani uzito wa chembe ukilinganishwa na umeme inaouchukua. Atomu nyepesi kuliko zote zijulikanazo ni ya haidrojeni, na kiasi chake kilikwisha kupimwa kwa njia nyingine. Chembe za J. J. zilionyesha kiasi kilicho pungufu mara elfu au zaidi. Alibadili gesi katika mrija, akatumia hewa, haidrojeni, na gesi ya kaboni. Alibadili madini ya kathodi, akatumia aluminiamu, chuma, na platinamu. Jibu likawa lilelile.

Hebu tufikiri maana yake. Neno atomu latoka katika Kigiriki, na maana yake ni kitu kisichokatika. Watu walisadiki kwamba atomu ya chuma ni chuma mpaka mwisho, na atomu ya haidrojeni ni haidrojeni mpaka mwisho, wala hakuna kilicho kidogo kuliko hizo. Na sasa J. J. asema kuna chembe iliyo nyepesi kuliko atomu nyepesi kuliko zote, na chembe hiyo ni ileile, itoke katika chuma au katika platinamu. Basi atomu yakatika, na vitu vyote vya dunia vina sehemu moja iliyo sawa.

Alitangaza habari hiyo jioni ya tarehe 30 Aprili, 1897, mbele ya wasikilizaji wa Royal Institution mjini London. Walioamini walikuwa wachache. Miaka mingi baadaye mtaalamu mmoja mkubwa aliyehudhuria alimwambia kwamba jioni ile alidhani wanafanyiwa mzaha. Haki inanitaka niseme kwamba mwaka uleule Emil Wiechert na Walter Kaufmann, katika Ujerumani, nao walipima miali hiyo, na kwamba Mholanzi Pieter Zeeman alikuwa amepata kiasi kinachokaribiana kwa njia ya nuru. Lakini J. J. ndiye aliyesimama akasema wazi kwamba chembe hiyo ni sehemu ya kila atomu, kisha akalifuata jambo hilo mpaka mwisho. Mwaka 1899 aliupima umeme wa chembe peke yake, akaona ni sawa na ule wa atomu ya haidrojeni yenye umeme. Hapo pakawa hapana mashaka kwamba chembe yenyewe ndiyo nyepesi. Leo twajua kwamba zatakiwa elektroni 1,836 kuufikia uzito wa kiini cha atomu ya haidrojeni.

Jina la elektroni si lake. Lilibuniwa mwaka 1891 na George Johnstone Stoney wa Ireland, kwa kukitaja kipimo kidogo cha umeme. J. J. aliziita chembe zake kwa jina jingine kwa miaka mingi, lakini jina la elektroni likashinda.

Sasa twaja kwenye ule mfano wanaouulizia wanafunzi wangu. Atomu nzima haina umeme wa kuonekana. Ikiwa ndani yake mna elektroni zenye umeme hasi, sharti muwe na umeme chanya wa kuzilinganisha. Uko wapi? Hakuna aliyejua. Mwaka 1904 J. J. alitoa wazo lake, kwamba umeme chanya umeenea sawasawa katika atomu nzima kama tufe, na elektroni zimo ndani yake zikizunguka katika pete, pete ndani ya pete. Waingereza waliulinganisha mfano huu na pudingi yenye zabibu. Sisi twaweza kusema ni tikiti maji na mbegu zake, ila tusisahau kwamba mbegu hizi zazunguka.

Asidhani mtu kwamba alibuni tu. Mmarekani mmoja, Alfred Mayer, alikuwa amechoma sindano za sumaku katika vizibo, akazieleza majini chini ya sumaku kubwa. Sindano husukumana zenyewe kwa zenyewe, lakini sumaku kubwa huzivuta kati. Zikiwa tatu hukaa pembetatu. Zikiwa nne, mraba. Zikizidi tano hujigawa, moja huingia katikati na nyingine huizunguka, na kadhalika. J. J. aliona elektroni nazo zitajipanga hivyo, na kwa hesabu ndefu akaonyesha kwamba mpango wa pete huelekea kurudia sura yake kadiri elektroni zinavyozidi. Akatumaini kwamba hiyo ndiyo sababu ya elementi kurudia tabia zake katika ile jedwali ionekanayo ukutani mwa kila maabara ya kemia. Tufe la umeme chanya halikudumu, lakini wazo kwamba tabia za elementi zatokana na jinsi elektroni zilivyojipanga limedumu hata leo.

Tena zingatieni jambo hili. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba karibu uzito wote wa atomu ni wa elektroni, na kwa hiyo atomu moja ina maelfu yake. Mwaka 1906 J. J. mwenyewe, kwa njia tatu mbalimbali, alionyesha kwamba sivyo: elektroni za atomu ni chache, hesabu yake yakaribiana na hesabu ya uzito wa atomu. Maana yake uzito umo katika ule umeme chanya usiojulikana. Alikuwa akibomoa ukuta mmoja wa nyumba yake, naye hakuuficha ubomoaji. Mwaka huo wa 1906 alipewa Zawadi ya Nobel ya fizikia.

Turudi nyuma kidogo tumwone mwanafunzi. Mpaka mwaka 1895 Cavendish ilikuwa hasa mahali pa watu wa Cambridge. Mwaka huo sheria ilibadilishwa, wahitimu wa vyuo vingine wakaruhusiwa kuja kufanya utafiti. Miongoni mwa wa kwanza kufika alikuwa kijana wa miaka 24 kutoka New Zealand, Ernest Rutherford, mwana wa mkulima, mmoja katika watoto kumi na wawili. Alikuja kwa msaada wa masomo, kama J. J. mwenyewe alivyokuja. J. J. alimpokea vizuri, akamshirikisha katika kazi yake ya kuchunguza jinsi miali ya X inavyofanya gesi ipitishe umeme, na mwaka 1898 akamsaidia kwa sifa njema kupata uprofesa katika Montreal, Kanada.

Mwaka 1907 Rutherford alirudi Uingereza kuwa profesa mjini Manchester. Chuo Kikuu cha Manchester ndicho kilichotokana na ile Owens College niliyowaambia tuikumbuke. Basi katika chuo kilekile kilichomsitiri J. J. alipofiwa na baba, mwanafunzi wake alianza jaribio lililokuja kuupindua mfano wake.

Jaribio lilikuwa hivi. Kuna vitu vitoavyo chembe ziitwazo alfa, zenye umeme chanya, ambazo uzito wake wapita ule wa elektroni zaidi ya mara 7,000. Mwaka 1909 Hans Geiger, Mjerumani, na Ernest Marsden, mwanafunzi wa miaka 20, walizielekeza chembe hizi kwenye majani membamba ya dhahabu na madini mengine. Walikaa gizani wakihesabu kwa macho vimulimuli vilivyotokea chembe zilipopiga kioo chenye dawa. Kama atomu ni kama alivyosema J. J., umeme chanya umetawanyika, na hapana mahali penye nguvu ya kutosha kuirudisha chembe nzito iendayo kasi. Zote zingepita na kupinda kidogo tu. Nyingi zikafanya hivyo. Lakini chembe moja katika 8,000 hivi ilirudi ilikotoka.

Rutherford aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1911 akatoa jibu: umeme chanya wa atomu, na karibu uzito wake wote, umekusanyika mahali padogo mno katikati, yaani kiini, na elektroni zimekaa mbali nacho. Kuwapa kipimo, kama atomu ya dhahabu ingekuwa na upana wa urefu wa kiwanja cha mpira, kiini chake kingekuwa kama punje ya mtama. Sehemu iliyobaki karibu yote ni tupu.

Hivyo mfano wa J. J. ukaanguka. Sitawaambia kwamba aliyapokea yote kwa moyo mweupe. Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark, aliyekuwa amekaa kwanza Cambridge kisha Manchester, alionyesha elektroni zawezaje kukizunguka kiini bila kuanguka ndani yake, naye alitumia mawazo mapya ambayo J. J. hakuyapenda. Kwa miaka kadhaa J. J. aliendelea kubuni mifano mingine ya atomu, na wataalamu vijana wakawa hawamfuati tena. Ni vigumu kwa mtu wa miaka hamsini na zaidi kuyaacha yale aliyoyajenga.

Lakini ona alivyotenda. Hakumfanya Rutherford adui, wala hakukaa akisikitika. Alianza kuchunguza miali ya umeme chanya, na mwaka 1912 na 1913, akisaidiwa na Francis Aston, akaona kwamba gesi ya neoni ina atomu za namna mbili, moja ya uzito wa 20 na nyingine wa 22. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonekana isotopu za elementi isiyovunjika yenyewe. Mwaka 1918 akawa mkuu wa Trinity College, na mwaka 1919 akakiacha kiti cha Cavendish alichokikalia miaka 34. Aliyekalia baada yake ni Rutherford. Mwanafunzi aliyemsahihisha mwalimu akakabidhiwa nyumba ya mwalimu, na katika nyumba hiyo James Chadwick akavumbua neutroni mwaka 1932.

Wala si huyo peke yake. Aston, C. T. R. Wilson, Owen Richardson, Charles Barkla, na Lawrence Bragg, wote walipita katika mikono ya J. J., na wote walipata Zawadi ya Nobel. Kisha kuna mwanawe wa kumzaa. Mwaka 1927, katika Aberdeen, George Thomson alipitisha elektroni katika utando mwembamba wa madini, akaona zimechora pete, kama mawimbi yafanyavyo. Baba alithibitisha kwamba elektroni ni chembe. Mwana akathibitisha kwamba hiyohiyo ina tabia ya mawimbi. Wote wawili walisema kweli. Mwaka 1937 mwana alipata Zawadi ya Nobel pamoja na Clinton Davisson wa Marekani, na baba mwenye miaka 80 alikuwapo kuiona siku hiyo.

Mwaka huohuo Rutherford alifariki, akamtangulia mwalimu wake. J. J. alifariki tarehe 30 Agosti, 1940, wakati wa vita kuu ya pili. Majivu yake yalizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na Isaac Newton, na karibu na Rutherford.

Sasa naweza kujibu. Twawafundisha mfano wa Thomson kwa sababu ulikuwa na ubora mmoja ambao mawazo mengi hayana: ulisema wazi nini kitatokea. Uliweza kupimwa, na kwa hiyo uliweza kuanguka. Geiger na Marsden wasingalistaajabu kuona chembe moja katika elfu nane ikirudi, kama hapangalikuwa na mfano uliosema hairudi. Wazo lisilosema jambo halisahihishwi kamwe, wala halimsaidii mtu. Kosa lililoelezwa kwa hesabu na kuwekwa mezani mbele ya wote ni ngazi, na Rutherford alipanda juu yake. Hata mfano wa Bohr mnaouchora leo, wa elektroni zikizunguka kama sayari, nao ulipitwa tangu mwaka 1926. Uchoreni vizuri, lakini msiuabudu.

Na kwenu ninyi ambao mwaka huu ada imekuwa shida, au mtihani wa kwanza umewakataa, sina hadithi ya kuwadanganya kwamba kila mlango ukifungwa mwingine hufunguka. J. J. alikuwa na mwalimu aliyemwona, na chuo kilichokuwa na fedha za kusaidia. Kwa hiyo neno langu la mwisho nawapelekea wale mliokwisha kutoka shuleni, mlio na kazi na mishahara. Huenda katika kijiji chenu yuko kijana anayejua hesabu kuliko ninyi, na baba yake amekufa. Mtafuteni. Msiogope kwamba siku moja atakuja kuwasahihisha.